Fedha Isiyo na Kwao

Mwanafunzi wangu mmoja alinijia na kipande cha fedha chenye umbo la mashua, kimepigwa mihuri ya herufi za Kichina. Aliyemwuzia alimwapia kwamba kimechimbuliwa Pemba. Akaniuliza: Je, ni cha kweli? Nilimjibu kwamba swali lake ni maswali mawili, na kosa la wasomi wengi ni kuyafanya moja.

La kwanza ni la madini, na jibu lake limo mizanini. Wachina walisubu fedha katika vipande vya namna hii, viitwavyo yuanbao, wakavipima kwa liang, ambayo ni kama gramu 37. Fedha safi ni nzito mara 10 na nusu kuliko maji ya kiasi chake. Risasi ni mara 11 na theluthi. Shaba haitimizi mara 9. Sonara mwenye mizani na bakuli la maji aweza kumfichua mwongo mvivu. Lakini mwongo hodari huchanganya risasi na shaba hata uzito ukalingana, na mwongo tajiri husubu fedha halisi leo asubuhi. Mizani husema: hii ni fedha. Haisemi: hii ni kongwe, wala haisemi: hii ni ya Pemba.

Swali la pili ni la mahali, na hapa ndipo ninapoteta na ndugu zangu wasomi. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu, magharibi ya Pemba, zilipatikana sarafu za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu. Zile za fedha ni ndogo na hazina tarehe. Zina majina ya watawala wa pwani, Ali bin al-Hasan akiwa mmojawapo, na maneno ya upande mmoja huitikiana kwa kina na maneno ya upande wa pili. Dinari zilitoka nchi za mbali, nazo zilikuwa na tarehe. Ya mwisho ni ya karne ya 11. Kwa kuwa zililala pamoja ardhini, dhahabu ya mgeni iliitolea ushahidi fedha ya mwenyeji. Neville Chittick, mchimbuzi wa Kilwa, alikuwa amemweka Ali bin al-Hasan karibu na mwaka 1200. Sarafu za Mtambwe zikamrudisha nyuma zaidi ya miaka mia.

Fikirini, lau mchimbaji wa usiku angetangulia! Dhahabu ingeuzwa mji mmoja, fedha ingeyeyushwa ikawa bangili, na historia yetu ingebaki na kosa lake. Kila sarafu ingekuwa ya kweli, na ukweli wote ungekuwa umepotea.

Sikani kwamba mali ya China ilifika kwetu. Kajengwa, huko Makunduchi, Unguja, sarafu za Kichina zilipatikana mwaka 1945, nyingi zikiwa za enzi ya Song. Twazitaja bila haya kwa sababu twajua zilikotoka. Ukweli huo hauhitaji kusaidiwa na kila mashua ya fedha iletwayo gizani.

Wako watakaosema kwamba mwanakijiji ana njaa, na mwenye njaa hali historia. Hoja hiyo naiheshimu, lakini haiwafai wanaoitoa. Mwanakijiji hupata kidogo, mchuuzi hupata kingi, na anayekipandisha kitu bei ni sisi. Msomi akiandika neno "kongwe" juu ya kitu asichojua kilikotoka, kalamu yake imekuwa dalali. Laiti tungempa heshima na thawabu yule anayeita watu waje waone kabla hajaking'oa kitu mahali pake, jembe la usiku lingekosa mnunuzi. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tulioaminiwa daftari hatuna udhuru.

Kipande kile nilikipima, majini na nje ya maji. Uzito wake ulikuwa uzito wa fedha. Mwanafunzi akafurahi, akaniomba nimwandikie barua kwamba ni cha kale cha Pemba. Nilimrudishia mkononi, na barua sikuandika.