Kidude Kidogo Ndani ya Bunduki ya Nyumbani

Mnamo Aprili 2021 Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alifungua huko Ruiru kiwanda cha kuunda bunduki. Tuliarifiwa kwamba kiligharimu shilingi bilioni 4 na kwamba kina uwezo wa kutoa bunduki 12,000 kwa mwaka. Wengi walishangilia, nami sikuwalaumu, kwa kuwa taifa lililozoea kununua silaha zake ng'ambo lina haki ya kujivunia kazi ya mikono ya vijana wake. Hata hivyo, lililonishughulisha mimi si idadi hiyo. Nilijiuliza: siku kidude kimoja ndani ya bunduki hiyo kitakapokataa kufanya kazi, ni nani atakayeambiwa, na je, ataamini?

Swali hili halikutoka hewani. Mataifa yenye viwanda vikubwa kuliko chetu yamelijibu vibaya, na yakalipa kwa damu ya vijana wao.

Chukua mfano wa Marekani. Katika vita vya Vietnam askari wake walipewa bunduki mpya iitwayo M16. Kufikia mwaka wa 1966 na 1967 malalamiko yalikuwa yamezagaa. Askari hupiga risasi, kisha ganda tupu hung'ang'ania ndani ya chemba, na bunduki ikawa haina tofauti na rungu. Ilimbidi mwenyewe alisukume ganda hilo kwa ufito wa kusafishia, huku adui akimlenga. Mtu asiye na subira angekilaumu kile kikucha kidogo ambacho kazi yake ni kulivuta ganda litoke. Si ndicho kilichoshindwa mbele ya macho yake?

Kamati ndogo ya Bunge la Marekani, chini ya uenyekiti wa Richard Ichord, ililichunguza jambo hilo, na taarifa yake ya Oktoba 1967 ilielekeza kidole kwingine. Jeshi lilikuwa limebadilisha aina ya baruti iliyotiwa ndani ya risasi bila ya kuijaribu vya kutosha pamoja na bunduki yenyewe. Baruti hiyo iliuharakisha mtambo kupita ilivyokusudiwa na kuacha masizi mengi. Isitoshe, chemba haikuwa imepakwa kromiamu ya kuikinga na kutu, tena katika nchi ya mvua na unyevu. Na askari walipelekwa vitani bila vifaa vya kutosha vya usafi, wakiaminishwa kwamba bunduki hii haihitaji kusafishwa sana. Kikucha kilikuwa shahidi tu. Wakosaji walikuwa wamekaa ofisini.

Walimu wa fizikia na wa masomo ya ufundi wangefanya vyema kukifikisha kisa hiki darasani. Mwanafunzi wetu hufundishwa majina ya sehemu za mashine akayakariri yote, lakini ni mara chache huulizwa kwa nini sehemu fulani imeshindwa. Taa ikizimika hubadilisha glopu, na ya pili ikizimika hubadilisha tena, ilhali waya umekatika ukutani. Kutafuta kasoro ni elimu kamili: ubadilishe jambo moja kwa wakati mmoja, uandike ulichokiona, usiridhike na jibu la kwanza.

Sasa turudi nyumbani. Kiwanda cha risasi cha Eldoret kimekuwapo tangu miaka ya 1990. Cha bunduki kiko Ruiru. Kasoro ya Marekani ilizaliwa katika pengo lililokuwa kati ya aliyeunda bunduki na aliyechagua baruti, kila mmoja akidhani mwenzake ameshapima. Pengo la namna hiyo linaweza kuwa pana hata kama viwanda viwili viko katika jamhuri moja.

Waingereza nao walikuwa na yao. Bunduki yao SA80, iliyoanza kutumiwa mwaka wa 1985, ilikuwa na kishikizo cha magazini kilichojitokeza ubavuni. Askari akiibeba kifuani, kishikizo kilibonyezwa na mwili wake, na magazini yenye risasi zote ikaanguka chini. Ni kidude kisichozidi ncha ya kidole! Kasoro nyingine zilijitokeza jangwani katika vita vya Ghuba vya 1991, lakini wakubwa waliendelea kuitetea silaha hiyo kwa miaka. Ni mwaka wa 2000 tu ambapo mkataba wa kuirekebisha kikamilifu ulitolewa, na gharama ikafika pauni milioni 92 kwa bunduki zipatazo 200,000. India pia, katika baridi ya Kargil mwaka wa 1999, iliona magazini za plastiki za bunduki yake ya INSAS zikipasuka.

Kinachonitia wasiwasi katika visa hivi ni ule muda uliopita kati ya askari kusema na mkubwa kusikia. Wapiganaji wetu wa msituni katika miaka ya 1950 walijiundia bunduki kwa mabomba ya maji, na nyingine ziliwalipukia wenyewe. Lakini aghalabu fundi na mpiganaji walijuana. Lawama ilimfikia mhusika bila kupitia wizara.

Leo kuna wizara, na kuna usiri. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, lakini Sheria ya mwaka 2016 kuhusu haki hiyo inaruhusu mambo ya usalama wa taifa yafichwe. Sipingi. Hakuna anayetaka michoro ya silaha ibandikwe sokoni. Ila idadi ya bunduki zilizokwama, na hatua zilizochukuliwa, si siri ya kumsaidia adui. Adui huwa wa kwanza kujua kwamba bunduki imekwama.

Wanaojua uzito wa neno hili ni walimu wa Baringo, Turkana na Bonde la Kerio, ambao shule zao zimewahi kufungwa kwa sababu ya wezi wa mifugo wenye silaha. Tangu Februari 2023, wanajeshi na polisi walipopelekwa huko, uhai wa mwalimu umetegemea pia bunduki ya konstebo aliyesimama langoni. Basi Kamati ya Ulinzi ya Bunge la Taifa na iitishe daftari la kasoro kutoka kwa maafisa wa huko, si kutoka kwa wasimamizi wa kiwanda, na ilisome kabla ya kupitisha makadirio ya fedha ya mwaka ujao.