Katamarani si ngalawa



Wasomaji wa Lushoto, ambao Milima yao ya Usambara haina ziwa kubwa na ambao huteremka hadi Tanga wapatapo hamu ya kuona tanga likijaa upepo, wanastahili kuelezwa tofauti ambayo habari za michezo huipita haraka. Katamarani, neno lenye asili ya Kitamili linalomaanisha magogo yaliyofungwa pamoja, ni chombo chenye matumbo mawili yaliyo sawa, ilhali ngalawa ni mtumbwi mmoja uliochongwa kwenye gogo, mara nyingi la mwembe, na kuwekewa kila ubavu ubao unaoelea ili usipinduke.

Tofauti hiyo hudhihirika zaidi mashindano ya mwishoni mwa juma yafanyikapo katika ziwa dogo, kwa kuwa huko vyombo hulazimika kubisha mara kwa mara, yaani kwenda mshazari huku na huku dhidi ya upepo wa mbele, na katamarani, ijapokuwa hukimbia mno ikinyooka, hupoteza kasi kila igeukapo, kwani matumbo yake mawili huupinga mzunguko na wepesi wake huinyima msukumo wa kuuvuka upepo. Palipo na milima, upepo hubadilika ghafla, jambo ambalo mkazi wa Lushoto hahitaji kufundishwa.

Olimpiki ilikuwa na katamarani ya Tornado tangu 1976 hadi 2008, na Nacra 17 tangu 2016; ngalawa haijapata nafasi hiyo. Iwapo mashindano yatafanyika katika bwawa la Nyumba ya Mungu, kwenye Mto Pangani, ngalawa zitengewe daraja lake.

Msomaji,
Lushoto