Deni la Chuo Kikuu kwa Mji Wake

Tumezoea kukipima chuo kikuu kwa majengo yake, kwa majoho ya siku ya mahafali na kwa wingi wa maprofesa. Leo nakuomba ukipime kwa swali jingine: je, kinaijua hali ya watu wanaokizunguka, na kikishaijua, kinathubutu kuisema?

Kiko chuo kimoja San Salvador, mji mkuu wa El Salvador, kilicholijibu swali hilo kwa gharama kubwa. Ni chuo cha mapadri Wajesuiti, nacho wenyeji hukiita UCA tu. Kimepewa jina la José Simeón Cañas, padri aliyesimama bungeni mwishoni mwa 1823 kudai watumwa wa Amerika ya Kati waachiwe huru. Jina lenye heshima. Lakini kilipofunguliwa mwaka 1965, matajiri walikishangilia kwa sababu zao. Chuo cha taifa walikiona kimejaa fikra za mrengo wa kushoto, wakataka pahali pa salama pa kuwasomeshea watoto wao.

Hawakupata walichokitaka. Ardhi nzuri ya kahawa na pamba ilikuwa mikononi mwa familia chache, na mapadri wakaanza kuuliza kwa nini. Mwaka 1976 serikali ya kijeshi ilijaribu mageuzi madogo ya ardhi, chuo kikaunga mkono. Wenye mashamba wakaja juu, rais akarudi nyuma. Ndipo jarida la chuo likamkejeli katika tahariri kwamba anaupigia mtaji saluti kama askari mbele ya kamanda. Ruzuku ya serikali ikakatwa, na mabomu yakalipuka chuoni.

Wapo watakaosema, wala si wajinga, kwamba kazi ya chuo ni vitabu na siasa iachiwe wanasiasa. Ignacio Ellacuría, mwanafalsafa aliyekuwa mkuu wa chuo tangu 1979, naye hakutaka chuo kiwe tawi la chama. Alitaka kila fani itumie zana zake. Basi Ignacio Martín-Baró, mwanasaikolojia, akaanzisha mwaka 1986 taasisi ya kura za maoni, katika nchi iliyo vitani, ambako kumwambia mgeni unachofikiri kungeweza kukuponza. Segundo Montes, mwanasosholojia, akafuatilia maisha ya wakimbizi na fedha walizotuma nyumbani kutoka Marekani. Hayo si maneno ya jukwaani. Ni usomi, tena wa kutoa jasho.

Usiku wa kuamkia 16 Novemba 1989, waasi wakiwa wameshaingia mjini, askari wa kikosi cha Atlacatl, kilichofunzwa na Marekani, waliingia chuoni wakawaua mapadri sita, hao watatu wakiwamo. Wakamuua na Elba Ramos, mpishi, pamoja na binti yake Celina, waliokuwa wamelala hapo kwa kudhani ni salama kuliko nyumbani kwao. Wauaji walitumia bunduki ya aina ya waasi, wakaacha na bango la karatasi ngumu la kuwasingizia. Njia ya mwongo ni fupi: Lucía Cerna, mfanya usafi, alikuwa amewaona askari kupitia dirishani, naye akasema, ingawa baadaye alibanwa kwa mahojiano ya vitisho.

Wakuu wa vyuo vyetu, nasema nanyi. Vijana wenu huenda vijijini na mitaani na madodoso yao. Mama muuza samaki anaacha biashara yake kuwajibu. Kisha tasnifu inafungwa jalada gumu, inapangwa rafuni, na yule mama hasikii neno tena. Rudisheni matokeo kwa waliohojiwa, kwa Kiswahili, redioni na kwenye mikutano ya mtaa. Nanyi wazazi, kijana anapofunga sanduku lake kwenda chuoni, msimwulize atapata kazi gani tu. Mwulizeni pia atamfaa nani.

Huko San Salvador deni la haki kwa waliouawa halijalipwa. Kanali aliyetiwa hatiani mwaka 1991 kwa mauaji hayo aliachiwa kwa sheria ya msamaha ya 1993. Mwaka 2020 mahakama ya Madrid ilimhukumu Inocente Orlando Montano, aliyekuwa naibu waziri wa El Salvador, kifungo cha miaka 133, kwa vifo vya mapadri watano waliozaliwa Uhispania. Padri Joaquín López y López, Elba na Celina walikuwa raia wa El Salvador. Kwa vifo vyao hakutiwa hatiani, maana Marekani ilipomkabidhi kwa Uhispania haikuvijumuisha.