Maji Yapandayo Kilima

Huko Uingereza ilichimbwa mifereji ya mashua, na penye mwinuko yakajengwa malango mawili: mashua huingia katikati, lango la nyuma hufungwa, maji huingizwa kutoka juu, nayo hupanda pamoja nayo. Kwetu hakipandi chombo, hupanda maji yenyewe. Mto Ruvu watoka milima ya Uluguru. Na Mlandizi, katika Kibaha, ulijengwa mtambo mwaka 1959 uyavutao na kuyasafisha. Kisarawe, iliyo juu vilimani, ilikaa na kiu miaka mingi, hata mwaka 2020 bomba kutoka Kibamba likaifikia.

Lakini mtambo hauumbi maji. Mwaka 2022 mvua zilikawia, Ruvu ukapungua, na Dar es Salaam maji yakagawiwa kwa zamu. Sheria ya mwaka 2004 yakataza kazi ziwezazo kuuharibu mto ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Basi ninyi walimu, wapimisheni watoto umbali huo kwa hatua. Nanyi wazazi, jembe lisiuvuke mpaka. Maana mto ukikauka, bomba litapandisha nini?