Ukanda wa Kijani Kwenye Chupa ya Dawa

Katika maduka ya pembejeo ya Mwimbi, kama kwingineko Ufipa, mkulima asiyeweza kusoma maandishi madogo ya lebo hutazama ukanda wa rangi. Nyekundu ni sumu kali, njano na buluu hufuata, kijani haina neno. Tafsiri hiyo ya mwisho ndiyo ninayoipinga. Rangi hizo hufuata madaraja ya Shirika la Afya Duniani, nayo hupima uwezo wa sumu kudhuru upesi inapomezwa au kugusa ngozi. Kuhusu saratani itakayojitokeza baada ya miaka 20, ukanda hauna habari. Malathioni imo katika daraja la hatari ndogo. Hata hivyo, mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka, pamoja na glaifoseti, miongoni mwa vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Mwaka huohuo Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilitoa hukumu tofauti kuhusu glaifoseti. Wao wanabishana wakiwa na vipimo mkononi. Sisi je?

Kupima kwa kuwalisha panya kemikali kwa miaka 2 ni ghali mno. Lakini zipo seli za binadamu ziitwazo TK6, zilizopandikizwa jeni inayozifanya zing'ae kijani vinasaba vyake vinapojeruhiwa. (Huko, ndugu msomaji, kijani ndiyo hatari.) Majibu hupatikana kwa siku chache. Kipimo hiki kina mipaka. Sumukuvu ya aflatoksini, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, haijeruhi vinasaba mpaka vimeng'enya vya ini viigeuze. Kwa hiyo seli lazima ziongezewe vimeng'enya hivyo, la sivyo zitakaa kimya. Na kemikali inayoleta saratani bila kugusa vinasaba itapita bila kuonekana. Hiki ni chujio la kwanza, si hukumu.

Kwa nini basi tulifanye wenyewe? Kwa sababu usajili hutazama bidhaa moja moja, ilhali shambani hakuna anayeishi hivyo. Tangu viwavijeshi vamizi waingie nchini mwaka 2017, Rukwa ikiwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kuvamiwa, wako wakulima wanaochanganya dawa mbili au tatu katika bomba moja, kisha wakalibeba mgongoni bila glavu wala barakoa. Mchanganyiko huo hauna mtengenezaji, hivyo hauna kampuni itakayowasilisha ripoti yake Lyon wala Parma.

Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, ina uwezo wa kisheria wa kuanza. Ichukue sampuli kutoka mabomba ya Kalambo na Nkasi, izipeleke Muhimbili au Sokoine zipimwe kwa seli, na gharama ikatwe katika ada za waagizaji wa viuatilifu. Mkulima asiongezewe hata shilingi.