Mgeni Aliyetumwa na Chama

Wako watu waaminio kwamba msaada wa kujenga demokrasia ukitoka kwa chama cha siasa cha nchi ya kigeni hauwezi kuwa safi, na kwamba msaada safi ni ule tu utokao katika mkono usio na chama. Mimi nasema kinyume, na nakuomba, msomaji, unisikilize kabla ya kunihukumu. Mkono usio na chama katika mambo ya siasa sijauona bado. Niuonao ni mkono wenye chama uliofichwa katika mfuko wa kanzu. Kuwa na chama si aibu. Aibu ni kukificha.

Tuanze Ujerumani, maana huko ndiko desturi hii ilikozaliwa. Mwaka 1925 alifariki Friedrich Ebert, rais wa kwanza wa jamhuri ya nchi ile, mtu aliyeanza maisha kwa kazi ya kushona matandiko ya farasi. Fedha zilizochangwa katika maziko yake zilifanywa wakfu kwa jina lake, na kazi mojawapo ya wakfu huo ilikuwa kuwasomesha vijana wa wafanyakazi. Wanazi waliupiga marufuku mwaka 1933. Baada ya vita ukafufuka, ukiwa upande wa chama cha SPD kama zamani. Vyama vingine vikafuata mfano: wakfu wa Konrad Adenauer uko upande wa CDU, wa Friedrich Naumann upande wa FDP, wa Hanns Seidel upande wa CSU cha Bavaria, wa Heinrich Böll upande wa chama cha Kijani, na wa Rosa Luxemburg upande wa chama cha mrengo wa kushoto. Sehemu kubwa ya fedha zao hutoka katika hazina ya serikali, kwa kibali cha bunge. Mwaka 2023 mahakama ya katiba ya nchi hiyo iliamua kwamba fedha hizo zahitaji sheria yake maalumu, na sheria hiyo ikapitishwa mwaka uo huo. Mambo ya hesabu ni makavu, nakubali, lakini usiyaruke, kwa kuwa ndiyo kiini cha maneno yangu.

Je, wageni hawa wenye chama wamewahi kufaa kitu? Itazame Ureno. Nchi ile ilikaa chini ya udikteta kwa zaidi ya miaka arobaini, na vyama vya upinzani havikuwa na ruhusa ya kupumua. Tarehe 19 Aprili 1973 kundi dogo la Wareno, miongoni mwao Mário Soares aliyekuwa uhamishoni Ufaransa, lilikutana katika mji mdogo wa Bad Münstereifel, Ujerumani ya Magharibi, likikaribishwa na wakfu wa Ebert, na hapo likaanzisha Chama cha Kisoshalisti. Mwaka mmoja na siku chache baadaye wanajeshi waliuangusha udikteta mjini Lisbon. Katika uchaguzi wa mwaka 1975 chama kile kilichozaliwa ugenini kilipata kura nyingi kuliko vyote, na mwaka 1976 Soares akawa waziri mkuu. Wajerumani hawakujidai kuwa malaika wasio na upande. Walikuwa wasoshalisti waliowasaidia wasoshalisti wenzao, na kila mpiga kura wa Ureno aliweza kulijua jambo hilo, akalipima, kisha akachagua apendavyo.

Walakini urafiki wa vyama una ubaya wake, wala sitaufunika. Wakfu wa Hanns Seidel ulishirikiana na utawala wa Eyadéma nchini Togo katika miaka ya chama kimoja, na Eyadéma hakuwa mwalimu wa demokrasia kwa mtu yeyote. Ni doa, na halifutiki. Hata hivyo, kwa kuwa jina la wakfu na jina la chama chake yalijulikana, lawama ilijua mlango wa kubisha.

Linganisha na msaada wa siri. Mwaka 1967 ilifichuka kwamba shirika la ujasusi la Marekani lilikuwa likipitisha fedha katika mashirika ya hisani ili kuvilisha vyama vya wanafunzi na majarida. Fedha hizo zilifika hata Afrika Mashariki, katika jarida la Transition lililotolewa Kampala, jarida lililosomwa na wasomi kama sauti huru ya Afrika. Msomaji wake angemlaumu nani, naye hakuwa na njia ya kujua? Marekani yenyewe ilijifunza kitu. Mwaka 1982 Rais Reagan aliwasifu Wajerumani kwa wakfu zao mbele ya wabunge wa Uingereza, na mwaka 1983 likaanzishwa shirika la NED lenye kutoa fedha kwa taasisi za vyama viwili vikubwa: NDI upande wa Democrats na IRI upande wa Republicans.

Na hapa ndipo sisi Wakenya tulipo na dai letu. Katika uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007, IRI iliendesha utafiti wa kuwauliza wapiga kura, walipokuwa wakitoka vituoni, wamemchagua nani. Tarehe 30 tume ya uchaguzi ilimtangaza Mwai Kibaki mshindi kwa tofauti ya kura zipatazo 230,000. Nchi ikawaka moto, na watu zaidi ya 1,100 wakapoteza maisha. Majibu ya utafiti ule, yaliyomweka Raila Odinga mbele, yalibaki kabatini. Februari 2008 taasisi ilisema hayategemeki. Agosti, baada ya kuyakagua upya, ikayatoa, wakati serikali ya mseto imekwisha kuundwa na makaburi yamekwisha kuota nyasi. Sisemi kwamba utafiti ni sawa na kura. Tume ya Jaji Kriegler ilisema kuwa mshindi wa kweli hawezi kujulikana. Nasema kwamba majibu yale yalitoka vinywani mwa Wakenya, na hakuna mgeni aliyekuwa na haki ya kuwachagulia siku ya kuyasikia. Kama yalikuwa na kasoro, yangetolewa pamoja na kasoro zake.

Kuna watawala watakaoyashangilia maneno yangu, nami sitaki shangwe yao. Misri iliwahukumu watu 43 mwaka 2013, miongoni mwao wafanyakazi wa wakfu wa Adenauer, ati kwa kosa la fedha za kigeni, ilhali majeshi ya nchi hiyo yamezoea kupokea kutoka Marekani msaada wa dola bilioni 1.3 kwa mwaka. Urusi nayo ilizifunga ofisi za wakfu za Kijerumani mwaka 2022. Fedha ya kigeni inunuapo kifaru huitwa urafiki. Inunuapo karatasi za semina huitwa uingiliaji!

Sheria yetu ya Vyama vya Siasa ya mwaka 2011 imetenda busara zaidi: chama cha kigeni chaweza kukipa chama cha Kenya chenye itikadi kama yake msaada wa ujuzi, lakini si mali. Basi, msomaji, siku utakapoalikwa katika semina ya vijana hotelini, nenda, ule, usikilize. Kabla ya kutia sahihi katika karatasi ya mahudhurio muulize mwenyeji wako katumwa na chama gani, na hesabu zake zasomwa wapi. Akikujibu kwamba yeye hana chama, muulize mara ya pili.