TUSIMWITE MVIVU MWENYE NJAA



Mara nyingi tunasikia katika darasa: "Yule ni muvivu, saa tano analala tu!" Si kila anayesinzia ana njaa, lakini tuulize kwanza: alikula nini, na saa ngapi?

Biolojia inatufundisha kwamba bugali, viazi na ndizi zinavunjwa tumboni na kuwa glukosi, sukari ya damu. Chembe za mwili zinaichoma kwa oksijeni ili zipate nguvu. Ubongo ni kama 2 kwa 100 tu ya uzito wetu, lakini unatumia karibu 20 kwa 100 ya nguvu zote.

Wengine wanajibu: "Mwili unajitengenezea sukari wenyewe." Ni kweli, lakini si bure. Katika miaka ya 1850 Mfaransa Claude Bernard alionyesha kwamba ini linaweka akiba ya sukari na kuitoa. Halafu Carl na Gerty Cori, waliopata zawadi ya Nobel mwaka 1947, walieleza jambo linalopita kila siku katika njia za Goma. Kijana akisukuma chukudu yenye makala kwenye mlima, misuli yake inavunja glukosi upesi kuliko oksijeni inavyofika, inatoa asidi ya laktiki. Damu inaipeleka kwenye ini, nalo linaigeuza tena kuwa glukosi. Ajabu kubwa! Lakini kwa kazi hiyo ini linatumia nguvu mara 3 kuliko zile misuli ilizopata.

Tena ini si pipa la unga la mjane wa Sarepta. Akiba yake, karibu gramu 100, inaisha katika siku moja hivi. Mtu akiendelea bila kula, mwili unavunja misuli yake ili ubongo upate glukosi. Ni sawa na mtu anayebomoa mbao za nyumba yake apate kuni.

Kwa hiyo tunaomba hivi. Wanafunzi, mwenye viazi viwili ampe jirani kimoja saa ya rekreasio. Walimu wetu, mbele ya kumfukuza anayesinzia, mumuulize kwa siri kama alikula. Na kamati ya wazazi ifikiri juu ya sufuria moja ya uji wa mahindi na soya.

Tunaposali kuomba mkate wa kila siku, hatuombi kila mtu wake. Tunaomba wetu sisi wote.